Karatasi Namba Themanini na Nne

Mwaka 1977 nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya maendeleo, Iringa mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na meza yangu ilibanwa kati ya kabati la chuma na meza ya Bibi Maendeleo wetu, Verediana Kikoti, ambaye ofisi nzima tulimwita Mama Esta. Haya ninayoyaeleza mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia yeye. Lile la karatasi ya mwanawe nimeruhusiwa na mwana mwenyewe. Nilimwandikia Esta barua kumwomba, naye akanijibu kwa mstari mmoja: "Sema, da' Severina, ila usinipambe."

Mama Esta alikuwa mwanamke wa Kilolo, mrefu, mwenye sauti ya kufika mbali bila kupazwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kata kwa kata akifundisha kina mama lishe, usafi na malezi. Juu ya malezi hakuwa na shaka hata chembe. Mtoto hatoki bila kusema anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. Akichelewa anachapwa kwanza, maelezo baadaye. Mumewe, Liberatus, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko Dar es Salaam, wiki ijayo yuko Zambia, kwa hiyo nyumba na watoto watatu vilikuwa mikononi mwake peke yake. Na nyumba ile ilisifika. Watoto wake wakipita njiani walimsalimia kila mtu mzima, "Kamwene, mama. Kamwene, baba," vichwa vimeinama, sweta zimefungwa vifungo hadi shingoni. Wazazi wengine walimletea watoto watundu wakae naye likizo moja wanyooke. Walinyooka kweli. Mimi nilikuwa sijaolewa, nikajiambia nikipata wangu nitawalea vilevile.

Mwezi wa saba alikuja Profesa Anyitike, mwalimu wa saikolojia kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye miwani mizito, na alikuwa na tabia ya kusikiliza hadi unaanza kusema mambo ambayo hukukusudia. Ofisi yetu iliagizwa imsaidie. Alitaka kujua jinsi wazazi wanavyolea, na mambo ya hatari ambayo vijana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na saba wanayafanya: kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kuvuta bangi, kutoroka nyumbani, kupanda magari ya watu wasiowajua. Kisha aone kama hayo mawili yanahusiana.

"Saikolojia ndiyo nini hasa?" Mama Esta alimwuliza siku ya kwanza.

"Ni elimu ya kuwauliza watu kwa nini wanafanya wanayoyafanya."

"Na wakikudanganya?"

"Ndiyo maana siandiki majina, Mama."

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mzazi na mtoto wake walipewa namba moja. Mzazi aliulizwa nyumbani na watu wetu, wakiongozwa na Mama Esta. Mtoto alijaza karatasi yake darasani, walimu wote wakiwa nje, na Profesa aliwaambia vijana kwa mdomo wake kwamba hakuna mzazi wala mwalimu atakayeambiwa walichoandika. Mimi ndiye niliyekata stensili za maswali, nikazungusha mashine ya kudurufu mpaka mikono ikawa myeusi kwa wino. Swali la mwisho kwenye karatasi ya vijana lilikuwa: "Ni jambo gani limekupata ambalo mzazi wako halijui?"

Mama Esta alilisoma juu ya bega langu akaguna. "Swali hili linawafundisha kuficha. Mtoto wangu mimi hana jambo nisilolijua."

Nyumba zilichaguliwa kwa kufuata daftari za shule, kila mwanafunzi wa tano. Ya Mama Esta ikaangukia humo, kwa sababu Esta, binti yake mkubwa wa miaka kumi na tano, alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya kutwa pale bondeni. Profesa alisema wafanyakazi wa utafiti waachwe. Mama Esta akakataa.

"Mimi sina cha kuficha, Profesa. Andika."

Akaandikwa. Akajaza majibu yake kwa wino wa bluu, mwandiko wa kusimama wima. Namba themanini na nne.

Majibu yalipokusanyika, tulikaa wanne chumbani kuyahesabu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili hatukucheka. Wazazi walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na karibu wote walisema wanajua mtoto wao yuko wapi wakati wowote. Watoto wao, zaidi ya nusu, waliandika kwamba mzazi hajui. Mmoja aliandika kwamba huenda vilabuni kunywa ulanzi na watu wazima kila Jumamosi akirudi mafundisho ya kipaimara. Mwingine alishawahi kufika Makambako na kurudi, siku moja, ndani ya gari la mtu asiyemjua jina. Na sitini na mmoja waliandika kwamba wanadandia malori.

Sisi wa Iringa tunaujua ule mlima. Kutoka Ipogolo, chini kwenye mto, barabara inapanda kuja mjini kwa makona, na lori lenye mzigo linapanda polepole kama mtu mgonjwa. Vijana walikuwa wanasubiri pale chini, wanakimbia nyuma yake, wanashika chuma na kuning'inia mpaka juu. Tulidhani ni watoto wawili watatu wa mitaani. Sitini na mmoja! Wengi wao wanafunzi, wasichana wakiwemo.

Kisha Profesa akatuambia tuzipange karatasi za wale sitini na mmoja kwa kufuata jibu la mzazi kwa swali, "Mtoto akikosea, unafanya nini kwanza?" Tukazipanga mezani. Rundo la "namchapa" lilipanda. Rundo la "namwuliza" lilibaki karatasi tisa.

Mama Esta alizitazama. "Severina, umehesabu vibaya."

Nikahesabu tena. Akahesabu yeye. Akahesabu mara ya tatu akitaja kila namba kwa sauti, na ilipotimia alikaa chini.

"Mama, hii si amri ya Mungu," Profesa alimwambia kwa upole. "Ni mji mmoja tu, na watoto wachache. Huenda wanaochapwa wanachapwa kwa sababu ni watundu tangu mwanzo. Ndiyo maana nakwenda kuuliza na kwingine."

Kwingine kulikuwa Mbeya, kwenye mbuga za Usangu, ambako familia za wafugaji kutoka Usukuma zilikuwa zimeanza kuhamia na ng'ombe wao. Kabla ya kuondoka alichukua karatasi ya kijana namba themanini na nne, ambayo aliiweka kando tangu mwanzo wa hesabu bila kuisoma, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaibandika kwa gundi na kuifungia kwenye droo yangu. Ufunguo akaniachia. "Hii nitaihesabu mwenyewe nikirudi," alisema. Mama Esta alikuwepo, akaitikia kwa kichwa.

Alivumilia siku nne. Siku ya tano, saa ya chakula cha mchana, watu wote wakiwa wametoka, alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Nipe ufunguo, mwanangu."

"Mama Esta, Profesa alisema..."

"Najua alichosema, nilikuwepo. Nataka nione karatasi moja safi katika uchafu huu wote. Moja tu."

Nilimpa. Hakuninyang'anya, nilimpa. Nilitaka na mimi kuiona hiyo karatasi safi.

Aliichana bahasha, akasoma akiwa amesimama. Nilimwona anafika mwisho, anarudi juu, anasoma tena. Kisha akanipa. "Isome kwa sauti. Nadhani miwani yangu haisomi vizuri."

Hakuwa amevaa miwani. Nikasoma. Mwandiko ulikuwa wa kusimama wima, kama wa mama yake.

"Mwezi wa tano tulidandia lori pale mlimani, mimi na wenzangu watatu. Dereva alituona kwenye kioo akaanza kuyumbisha gari. Wenzangu waliruka kwenye majani. Mimi nilianguka kwenye lami, mkono wa kushoto ukavunjika. Bibi mmoja wa Ipogolo alinifunga kwa vijiti. Nikikaribia nyumbani nilikuwa navifungua na kuvaa sweta, asubuhi bibi ananifunga tena. Siku ya tatu mama aliniambia nitwange. Nilishindwa. Akaniita mvivu, akanichapa fimbo sita, mbili zikanipata palepale. Sikulia kwa sababu ningelia angeuliza. Mkono haukunyooka. Nimeandika kwa sababu mmesema hakuna atakayeambiwa."

"Rudia," Mama Esta alisema.

Nikarudia.

"Rudia pale kwenye fimbo."

Sikuweza. Akaichukua, akairudisha kwenye bahasha iliyochanika, akaiweka kwenye droo kwa uangalifu sana, kana kwamba ina mtu ndani. Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau. "Nilimwambia ana maringo. Anabeba ndoo kichwani kwa kuishika na mkono mmoja, nikamwambia, we binti, siku hizi una maringo."

Jioni ile, alinisimulia baadaye, alimtazama Esta akimenya viazi. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba mkono wa kushoto ulishikilia kiazi dhidi ya tumbo, haukukinyanyua. Miezi miwili na nusu, chakula kikipikwa mbele yake kila siku, hakuwa ameona. Alitaka kuuliza, akakumbuka kwamba hakupaswa kujua.

Akatafuta njia. Aliwatangazia watoto wote watatu kwamba ofisi imeagiza watoto wa wafanyakazi wapimwe afya, uongo mtupu, akawapeleka hospitali. Walipimwa uzito, macho, masikio. Zamu ya Esta ilipofika mganga alimwambia avue sweta. Akaushika ule mkono, akaugeuza.

"Huu ulivunjika. Lini?"

"Zamani," Esta alisema. "Nilianguka kwenye ngazi nikiwa mdogo. Mama anajua."

Mganga akamgeukia mama. Mama Esta aliniambia kwamba maisha yake yote hajawahi kuona uso mtulivu kama ule wa binti yake alipokuwa anadanganya. Hakupepesa. Ulikuwa uso uleule uliokuwa ukisema "Kamwene, mama" barabarani, uso uleule aliousifia kwa majirani.

"Ndiyo," alimjibu mganga. "Nakumbuka."

Mganga alisema mfupa umeunga vibaya, na kuunyoosha ingebidi uvunjwe upya. Wakarudi nyumbani kwa miguu, Esta mbele na wadogo zake, mama nyuma.

Jumapili ya wiki ile Liberatus alirudi kutoka Zambia. Walikula mchana wote pamoja, akawa anasimulia habari za barabarani kama kawaida yake, watoto wakicheka. Akaeleza jinsi vijana wanavyowasumbua pale mlima wa Ipogolo.

"Wanaganda kule nyuma kama kupe," alisema. "Dawa yao ndogo tu. Unauchezesha usukani, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Utawaona kwenye kioo wanavyopukutika!"

Roza, binti wa pili, alicheka. Esta aliendelea kula. Mama Esta aliinuka akaenda nje, akatapika nyuma ya jiko. Mumewe alipomfuata alimwambia samaki wamemkataa.

Profesa aliporudi, Mama Esta alimfuata kabla hajaketi, akamwambia, "Nimeisoma." Mimi nilikuwepo, nikasema ufunguo niliutoa mimi. Profesa alivua miwani, hakutukaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Utamwambia?"

"Nikimwambia nimejua, atajua mmemdanganya. Wewe uliwaahidi."

"Niliwaahidi," alisema. "Kwa hiyo huwezi kumwadhibu, na huwezi kumwomba msamaha. Pole sana, Mama Esta. Utafiti wangu haukufikiria jambo kama hili."

Kabla hajaenda Dar es Salaam kuandika ripoti, Profesa aliitisha mkutano wa wazazi kwenye ukumbi wa shule ya kina Esta, awaeleze alichokiona kwa ujumla, bila kumtaja mtu. Nadhani lilikuwa kosa. Aliposoma ile hesabu ya malori ukumbi ulilipuka. Baba mmoja alisimama juu ya kiti. Mama mmoja alikuwa anasema tu, "Sitini na mmoja? Sitini na mmoja?" akigeuka kwa kila jirani. Na Profesa alipofika kwenye fimbo, hakumaliza sentensi.

"Umekuja kutuambia watoto wanadandia malori kwa sababu tunawachapa?" Aliyeuliza alikuwa Jailos, mwalimu mkuu wa shule ile, mtu wa heshima. "Tupe majina. Wakifukuzwa kumi, wengine wataacha."

"Sina majina, Mwalimu."

"Una karatasi. Mimi naijua miandiko ya wanafunzi wangu wote."

Ukumbi ukapiga makofi. Nilimtazama Mama Esta aliyekuwa ameketi mstari wa mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa vilevile walivyokuwa wakifanya watoto wake.

Profesa aliondoka na majumlisho yake kwenye daftari. Karatasi zenyewe, magunia mawili, zilibaki kabatini kusubiri gari la chuo. Wiki haikuisha, barua ikaandikwa ofisini kwetu. Mwalimu Jailos alikuwa amekwenda kwa Katibu Kata, Katibu Kata amekwenda kwa mkuu wetu wa ofisi, na mkuu wetu amekubali: karatasi zikabidhiwe shuleni Jumatano saa tatu asubuhi, walimu wazisome, wahusika wajulikane. Barua hiyo niliipiga chapa mimi.

Jumanne saa sita mchana Mama Esta alifungua kabati. "Nisaidie gunia moja," alisema. Hakunieleza tunakwenda wapi, na mimi sikuuliza. Tulibeba magunia vichwani kama wanawake wanaotoka sokoni, tukapita mbele ya ofisi ya mkuu, tukamsalimia mlinzi.

Nyumbani kwake jiko lilikuwa nyuma, la matofali mabichi. Alikoka moto wa kuni, akaanza kutia karatasi mojamoja, maana zikiwa nyingi pamoja zinazima. Nami nikamsaidia. Moshi ulitutoa machozi. Tulikuwa tumefika nusu ya gunia la pili watoto walipotoka shule. Esta alikuja hadi mlangoni, mkoba begani, akasimama.

"Mama, hizo si zile karatasi zetu?"

"Ndizo."

"Kwa nini unazichoma?"

"Mwalimu mkuu anazitaka kesho. Anataka kujua nani anadandia malori."

Esta aliweka mkoba chini, akachuchumaa, akaanza kututolea karatasi kutoka kwenye gunia kwa mkono wa kulia. Tulifanya kazi hivyo, watatu. Halafu akauliza, bila kuinua uso, "Mmezisoma?"

"Nyingi. Ndiyo ilikuwa kazi yetu."

"Na ya kwangu?"

Nilidhani atadanganya. Ningekuwa mimi ningedanganya.

"Na ya kwako," Mama Esta alisema. "Walinikataza, wakaifungia. Nikaifungua nikaisoma."

Esta alisimama. "Walituahidi."

"Waliwaahidi, na Profesa hakusema neno kwa mtu. Ni mimi niliyevunja."

"Tangu lini unajua?"

"Wiki ya tano sasa."

Nilimwona anahesabu. "Kwa hiyo hospitali..."

"Ndiyo."

"Ulinisikia nadanganya ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Mama Esta alikuwa bado ameshika karatasi, moto ukimwunguza vidole, hakuiachia. "Unakuuma?"

"Asubuhi. Kukiwa na baridi." Kisha uso ule mtulivu ukapasuka, na sauti iliyotoka haikuwa ya msichana yule mpole niliyemzoea. "Ulinichapa palepale, mama! Palepale!"

Alipiga kelele hiyo mpaka jirani akachungulia. Mama Esta hakumnyamazisha. Hakumkumbatia pia, wala Esta hakutaka. Alichukua mkoba wake akaingia ndani, na sisi wawili tukamaliza gunia. Siku tisa Esta hakuongea na mama yake zaidi ya "abee" na "ndiyo". Siku ya kumi alikuja jikoni akasema, "Yule bibi wa Ipogolo hujamshukuru." Wakaenda wote wawili kumshukuru, na kutoka hapo wakaanza kuongea kidogokidogo, mara nyingi kwa kugombana.

Baba yake aliambiwa na Esta mwenyewe. Aliporudi safari alimwonyesha mkono na kumweleza, mlima, kioo, lori lililoyumba. Liberatus hakugomba. Aliuliza jambo moja tu.

"Lilikuwa la rangi gani?"

"Sikuangalia rangi, baba."

"Lilikuwa na turubai?"

"Sijui."

Akauliza tarehe. Esta hakuikumbuka sawasawa. Liberatus alitoa kitabu chake cha safari, akafungua mwezi wa tano, akaanza kupitisha kidole, halafu akakifunga kabla ya kufika chini. Mama Esta aliniambia hakukifungua tena mbele yake. Tangu siku hiyo, akifika Ipogolo alikuwa anasimamisha lori kabisa, anashuka, anazunguka nyuma kutazama, ndipo anapanda mlima. Wenzake walimcheka sana.

Jumatano ile saa tatu, Mama Esta alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa ofisi akasema karatasi hazipo, amezichoma, na mimi sikuhusika. Hilo la mwisho alidanganya. Alipewa barua ya onyo kali na uhamisho. Mwalimu Jailos alisema hadharani kwamba amewalinda wahuni, na wale waliokuwa wakimletea watoto wanyooshwe waliacha hata kumsalimia. Profesa aliandika kutoka Dar es Salaam. Wenzake chuoni walikuwa wanaitilia shaka hesabu yake yote kwa kuwa hakuwa na karatasi za kuwaonyesha. "Ningekuwa hapo ningekuzuia," alimwandikia Mama Esta. "Baadaye nisingeweza kulala. Basi sijui nikwambie nini."

Uhamisho ulikuwa wa Mbeya, Usangu kwenyewe, kazi ya kuwaelimisha wafugaji wapya. Esta alibaki Iringa kwa shangazi yake amalize shule. Nilikwenda kumtembelea Mama Esta mwezi wa kumi na mbili mwaka 1978, nilipoolewa, nimpelekee habari. Nilimkuta amekonda, nyumba ya udongo, mbu wengi. Jirani yake alikuwa Msukuma aitwaye Bujiku, mwenye ng'ombe wasiohesabika, na binti wa Bujiku, Mbuke, alikuwa rafiki mkubwa wa Roza, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Siku ya pili tulikuwa tunachambua mchele uani Roza aliporudi, nguo zimelowa hadi kifuani. Alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, nina jambo. Tumevuka mto, mimi na Mbuke. Tumewavusha ng'ombe wa baba yake."

"Mmevuka na nini? Mtumbwi?"

"Tulishika mikia. Ng'ombe anaogelea, wewe unashika mkia wake, anakuvuta. Si mara ya kwanza. Hii ni ya nne."

Ungo ulianguka, mchele ukamwagika mchangani. Mama Esta alikuwa ameshainuka, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Roza hakukimbia wala hakuinamisha kichwa. Mkono ulikaa pale juu. Halafu Mama Esta akaushika kwa mkono wake wa pili, akaushusha kama mtu anayeshusha kitu kizito, akakaa.

"Mamba wapo?"

"Wapo, lakini Mbuke anasema wanaogopa kelele za ng'ombe."

"Kaa chini. Anza mwanzo, mara ya kwanza kabisa."

Roza akakaa akasimulia, na mama akasikiliza hadi mwisho. Usiku wa jana yake alikuwa ameniambia kwamba alikuwa analala vizuri zaidi zamani, wakati hajui kitu.

Asubuhi alitaka aonyeshwe. Tulikwenda wote, Roza na Mbuke mbele wakipiga soga, sisi nyuma. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua za milimani, mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi bila sauti. Ng'ambo, mbali, ng'ombe walionekana wadogo kama kunguru.

"Tunaingilia pale," Roza alisema, akinyoosha kidole, "tunatokea kule kwenye ule mti."

Mama Esta aliutazama ule mti, akayapima maji kwa macho. Akakaa palepale kwenye tope na gauni lake la kazini, na Mbuke akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Mama naumwa?"